Bolti Iliyoganda na Mafuta ya Kuifungua

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, chumvi ya bahari haimwachi mwenye gari, mwenye boti wala mwenye pampu ya kisima. Hewa yenye chumvi huharakisha kutu, na siku ya kufungua ndipo fundi hujua kilichomngoja: spana imekaa sawasawa, mkono una nguvu, nati haitikisiki. Wengi hapo huchomeka bomba kwenye mpini wa spana na kuvuta kwa mwili mzima. Bolti hukatika, na kazi ya nusu saa huwa ya siku nzima.

Chuma kikila kutu huvimba. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kutegemea aina yake na unyevu uliomo. Mwanya kati ya meno ya bolti na ya nati ni mdogo mno, hivyo kutu ikizaliwa humo husukuma pande zote mbili na kuzibana. Oili haiyeyushi kutu. Siki na asidi ndizo zinazoweza. Kazi ya oili ni kupenya kwenye vinyufa vya kutu hiyo, ili ikivunjika, vipande viteleze badala ya kukwaruzana.

Ndiyo maana oili nzito ya injini haifai: inabaki juu juu. Mafuta ya taa na dizeli ni mepesi, nayo huvutwa na mwanya wenyewe kama utambi unavyovuta mafuta ya kibatari. Tatizo lake ni kwamba hayalainishi vya kutosha. Kinachohitajika ni kitu chepesi cha kubeba na kitu chenye utelezi cha kubebwa.

Mchanganyiko uliopata sifa kubwa ni nusu kwa nusu: ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, na asetoni, ile inayotoa rangi ya kucha. Unafanya kazi, lakini mimi siupendekezi kwa gereji ya kawaida. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi ufike kwenye jiko au mashine ya kuchomelea. Huchemka kwa nyuzi 56 tu, kwa hiyo kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam sehemu kubwa hupaa kabla ya kuzama. Inaharibu rangi, plastiki na baadhi ya mipira. Tena haishikani vizuri na ATF. Ukiiacha, hujitenga, na bila kutikisa chupa kila mara utadondosha asetoni tupu.

Weka mafuta ya taa au dizeli mahali pa asetoni, kwa kipimo kilekile. Yatachelewa kidogo kupenya, lakini yatabaki pale ulipoyaweka. Yahifadhi kwenye kopo la chuma lenye maandishi makubwa. Kamwe usitumie chupa ya soda au ya maji: watoto wengi wameumia kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni kinywaji. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwa sababu hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni; akimbizwe hospitali.

Sasa matumizi, na hapa ndipo haraka huharibu. Sugua meno yaliyo wazi kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, maana mafuta hayawezi kupita kwenye tope na rangi. Dondosha, kisha gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mepesi na mengi; mtetemo hupasua kutu na kufungua njia. Acha. Rudia jioni, ilale hadi asubuhi. Ukishika spana, anza kwa kukaza kidogo, halafu fungua. Ikisogea robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, endelea. Anayelazimisha mzunguko mzima kwa mara moja husaga kutu ndani ya meno na kuifanya bolti ikwame upya.

Ikikataa kabisa, tumia joto, ila futa kwanza mafuta yote na uondoe kopo mbali. Pasha nati, siyo bolti. Nati ya milimita 12 ikizidi bolti kwa nyuzi 200 za joto, tundu lake hutanuka karibu milimita 0.03. Ni kidogo kwa macho, lakini kutu hupasuka. Ngoja ipoe hadi mkono uvumilie, ndipo udondoshe tena. Usipashe karibu na tangi la petroli, mpira au shokamzoba, wala chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Mafuta haya yasiguse diski wala pedi za breki. Nati za magurudumu nazo, ukilazimika kuzilowesha, zisafishe na uzikaushe kabla ya kufunga: meno yenye mafuta hupunguza msuguano, na kwa mkono uleule utakaza kupita kiasi hadi stadi, yaani bolti ya gurudumu, ivutike. Bolti nyinginezo za chini ya gari, kabla ya kuzirudisha, zipake grisi kidogo kwenye meno, hasa kama gari linalala karibu na bahari.