Ushuru wa Marekani na Fedha za Chama



Katika ukaguzi wangu huku Kilwa na Lindi huulizwa: siasa za Marekani zinamhusu nini mkulima wa korosho?

Zinamhusu. Sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi India na Vietnam. Huko hubanguliwa, na Marekani ni mnunuzi mkubwa wa korosho za Vietnam. Tarehe 2 Aprili 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam. Wiki moja baadaye aliushusha hadi asilimia 10 kwa siku 90. Mwezi Agosti ukawa asilimia 20.

Kwa maoni yangu, siasa hiyo haikuwa na haki. Ushuru hulipwa na mwagizaji aliyeko Marekani. Naye ama humpandishia mlaji bei, ama humbana mbanguaji. Mbanguaji aliyebanwa huja mnadani na bei ndogo.

Nimepata kukagua chama kilichokopa na kununua gari kwa kutegemea bei ya msimu uliopita. Bei iliposhuka, wanachama walikatwa malipo yao ili deni lilipwe.

Huko Marekani hatuna kura. Kura yetu imo katika Mkutano Mkuu. Basi ukomo wa madeni ukadiriwe kwa bei ya chini, si ya juu. Na sehemu ya ziada iwekwe benki kabla ya mradi wowote kuanza. Akiba haiozi.