Kanzu Isiyo na Mifuko

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Ijumaa moja huko Gikomba, Nairobi, nililiona limeharibika.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mshona kanzu kuchukua kanzu yangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Kumbe alikwisha kuziba mbavu zote mbili kabla ya kutia mifuko! Mjukuu wake akacheka. "Babu apumzike sasa, akili imechoka." Mzee hakumjibu. Alishika wembe akaanza kufumua.

Nilimwuliza ilikuwaje. "Niliitwa na mteja katikati ya kazi. Niliporudi, nikaanzia nisipoachia."

Basi msomaji, jawabu ndilo hilo. Kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate ni kazi ambayo sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ina fungu kubwa ndani yake; nayo ni miongoni mwa zinazosinyaa mapema mtu akizeeka. Ndipo mzee huona taabu kushika mambo mawili pamoja, na akikatizwa mpango humponyoka. Mtaalamu wa Urusi, Alexander Luria (1902–1977), aliwapima wagonjwa wa ubongo kwa mkono mtupu: ngumi, ukingo wa kiganja, kisha kiganja bapa, tena na tena kwa tartibu.

Tartibu tuliijua chuoni: uso kabla ya mikono, mikono kabla ya kichwa, kichwa kabla ya miguu. Na aliyesahau ndani ya Sala hakufukuzwa msikitini. Aliwekewa sijda ya kusahau.

Wala ufundi haufi upesi. Mwaka 1984, Timothy Salthouse wa Marekani alitangaza utafiti juu ya wapiga taipu wa miaka 19 hadi 72. Wakongwe walikuwa wazito kuitikia ishara, lakini kasi yao ya kupiga taipu haikupungua, kwani macho yao yalitangulia mbele zaidi kuliko ya vijana.

Hayo nilimweleza yule kijana. Nikamwambia, usimpokonye babu yako cherehani. Mwondolee wa kumkatiza. Ila akisahau hata sindano ni ya nini, au akibadilika ghafula, mpeleke kwa daktari, maana huo si uzee mtupu.

Kijana akanyamaza, akaenda kusimama mlangoni kuwapokea wateja. Kabla ya adhana ya Ijumaa nilivaa kanzu yangu, na mifuko yake miwili.