Maji ya Kiwanda Chetu Yaenda Wapi?

Ndugu mkulima, ukiisha kupima kahawa yako kiwandani, wapewa risiti na kwenda zako nyumbani. Je, umepata kujiuliza maji yaliyoiosha kahawa ile yamekwenda wapi?

Mwaka mmoja, katikati ya msimu mkubwa, mama mmoja alifika katika ofisi ya kilimo ninamofanya kazi ya ukarani. Aliweka mezani chupa ya maji ya mto. Yalikuwa meusi, nayo yalinuka kama pombe iliyochacha. Ng'ombe wake walikuwa wameyakataa. "Karani," akasema, "niandikie barua ya kukishtaki kiwanda." Nilipomwuliza ni kiwanda cha chama gani, alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Kilikuwa kiwanda cha chama chake mwenyewe, naye alikuwa amepeleka kahawa huko asubuhi ile ile.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kiwanda cha ushirika ni biashara, na wenye biashara hiyo ni sisi.

SABABU YA MAJI KUOZA

Kahawa mbivu ina sukari katika ganda lake na katika ule utelezi unaoshika mbegu. Mashini inapomenya, na tunapoosha, sukari hiyo huingia majini. Maji hayo yakimwagwa mtoni, vijidudu huila sukari na kuitumia hewa iliyomo majini. Hewa ikiisha, samaki hufa na maji hunuka.

Wako wasemao, "Mto hujisafisha wenyewe." Ni kweli kwa uchafu kidogo. Lakini viwanda vikifuatana kwenye mto mmoja, vyote vikimwaga katika miezi ile ile, mto hauwezi.

MPAKA MALINDI

Mito ya Ruiru, Ndarugu na Thwake huingia mto Athi. Athi ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Ile sukari ya kahawa huleta madhara hasa karibu na kiwanda. Lakini udongo na mbolea vinavyochukuliwa na mvua kutoka mashambani mwetu vyaweza kusafiri safari yote. Wakati wa kaskazi, mikondo ya bahari huyasukuma matope kuelekea kusini, kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Matumbawe huhitaji mwanga wa jua. Yakifunikwa na matope hufa, na samaki hupotewa na maficho yao. Mvuvi wa huko hana shamba la kahawa, lakini uzembe wetu humfikia wavuni.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, maji ya kumenyea yazungushwe na kutumika tena siku ile ile, badala ya kuvuta mapya kila mara. Maji machafu yakiwa machache, ni rahisi kuyatunza.

Pili, maji ya mwisho yaende katika mashimo yaliyochimbwa mbali na mto na visima, yanywewe na ardhi. Mashimo hayo yatolewe tope kabla ya msimu, si baada ya kufurika.

Tatu, maganda ni mali. Katika kilo 100 za kahawa mbivu, maganda ni karibu kilo 40. Yarundikwe mbali na mto, yachanganywe na samadi, yageuzwe mpaka yaoze, kisha yarudi shambani kuwa mbolea.

Nne, wewe mwenyewe usilime ukingo wa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo uachwe mita 6 kwa uchache, nazo ziliweza kufika 30. Acha nyasi na miti ishike udongo. Tena kiwanda hakiruhusiwi kumwaga maji machafu bila leseni ya NEMA.

Wenzetu wa Gazi na Makongeni, huko Kwale, wametuonyesha kwamba kutunza maji kuna faida. Tangu mwaka 2013, katika mpango wa Mikoko Pamoja, wanalinda hektari 117 za mikoko. Mikoko hunasa matope, na samaki wachanga hukulia katika mizizi yake. Wanunuzi wa ng'ambo hulipia hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zimesaidia maji ya vijijini na shule.

Yule mama hakuandika barua. Alisimama katika mkutano mkuu wa chama na kuiweka chupa yake mbele ya halmashauri. Wanachama walikubali kukatwa senti chache kwa kila kilo ili mashimo yachimbwe. Wengine walinung'unika, na haki yao, maana senti za mkulima ni chache. Lakini ng'ombe asiyekunywa hatoi maziwa, na hiyo pia ni hasara.

Basi, ndugu mkulima, mkutano wenu ujao ni lini? Nenda ukaulize: maji ya kiwanda chetu yaenda wapi?