Tufani Inayocheza Polka

Katika Simfonia ya Sita ya Beethoven, ya mwaka 1808, wanakijiji wanacheza dansi, mara tufani inawashukia. Ngoma za timpani, ambazo hazijasikika tangu simfonia ianze, zinanguruma na dansi inakatika. Miaka 60 baadaye, mjini Vienna, Johann Strauss Mdogo aliiingiza tufani yenyewe uwanjani icheze polka. Polka yake hiyo, *Unter Donner und Blitz*, yaani "Katikati ya Ngurumo na Radi", huchukua kama dakika tatu tu, na kwangu mimi ni kazi ya ufundi wa hali ya juu.

Ilipigwa kwa mara ya kwanza Februari 16, 1868, katika ukumbi wa Dianabad. Kiangazi watu waliogelea hapo. Majira ya baridi bwawa lilifunikwa, wakacheza juu yake. Ulikuwa msimu wa dansi unaotangulia Kwaresima, ambapo wahandisi, waandishi wa habari na wengineo waliandaa usiku wao na kutaka muziki mpya. Usiku huu ulikuwa wa Hesperus, chama cha wasanii chenye jina la nyota ya jioni. Ndiyo maana Strauss kwanza alikusudia kuiita polka hii "Kimondo".

Polka ilitoka Bohemia miaka ya 1830, ikiwa na mapigo mawili kwa kila baa. Vienna ikazalisha aina zake kadhaa: ya Kifaransa, iliyo ya taratibu na madaha; polka-mazurka, yenye mapigo matatu; na ya kasi, mrithi wa dansi ya galopi. Hii ni ya kasi.

Sasa angalia kazi iliyomkabili mtunzi. Mvumo wa ngoma, ambao ndio ngurumo hapa, hauna pigo la kuhesabika. Unavimba na kutandaa kama maji yaliyofurika, na ukiachiwa utaifunika hesabu ya mchezaji. Strauss anaufungia ndani ya vishazi vya baa nane nane. Besi zinakanyaga pigo, ala za kati zinajibu kwenye nusu pigo, fidla zinakimbia juu kwa noti fupifupi. Ngurumo inapanda ndani ya fremu hiyo, na matoazi yanapopasuka mguu wa mchezaji uko tayari. Radi inapiga kwa miadi, lakini mwili unashtuka vilevile.

Ndiyo maana naudhika okestra inapoigeuza mashindano ya kelele. Mpiga matoazi akichelewa hata kidogo, dansi yote inayumba. Mwongozaji akiharakisha kupita kiasi, noti za fidla zinamezana na ngurumo inakosa nafasi ya kukua.

Ukiisikiliza, usiyafuate matoazi, yatakufikia yenyewe. Tega sikio chini, kwenye besi, uzisikie zikitembea bila kukosa hatua wakati juu kunapasuka.