Ndege ndogo inaweza kuruka pasipo mukubwa wake?

Pengine wewe ao mutu wa nyumba yako anafanya kazi katika kampuni ndogo yenye kutumikia kampuni kubwa ya migodi, ile tunaita sutretansi. Magari ni ya patroni wenu mudogo, nguo za kazi ni zake, lakini kazi yote inatoka kwa mukubwa. Mukubwa akichelewa kulipa, kule nyumbani sufuria inakauka. Basi siku moja mutu anasema: "Juu ya nini tusijitegemee? Vyombo tuko navyo, wafundi tuko nao." Ni ulizo la maana. Mwezi huu tulitazame mbali na migodi, katika kazi ya ndege kule Marekani, kwa sababu huko walilijaribu kwa feza nyingi na matokeo yake yanajulikana.

Ujue kwanza namna kazi ile inaendeshwa. Ukinunua tikiti ya United ao ya Delta kwenda muji mudogo wa Marekani, mara nyingi ndege utakayopanda si yao. Rangi ni yao, jina ni lao, lakini piloti na mutumishi wa ndani wanalipwa na kampuni nyingine ndogo. Kwa desturi ya kontra hizo, kampuni kubwa inauza tikiti, inapanga saa za safari, inabeba bei ya kerozeni, na inaipatia ile ndogo malipo ya mapatano kwa kila safari. Ndege ikijaa ao ikiruka na watu watano, malipo ni yale yale. Faida si kubwa sana, lakini mutu analala usingizi.

Atlantic Coast Airlines ilikuwa moja ya kampuni hizo. Ilianza kuruka mwaka 1989, na makao yake yalikuwa kiwanja cha Dulles, karibu na Washington. Ilikuwa na ndege za jeti zaidi ya 80 za aina ya CRJ200, kila moja viti 50. Ilitumikia hasa United, na ilikuwa ikipata faida.

Halafu, Desemba 2002, United yenyewe ikafilisika na kuingia chini ya ulinzi wa tribinali. Hapa ndipo matata yalianza. Katika sheria ya Marekani, kampuni yenye kufilisika inaweza kulomba tribinali iivunje kontra zake. Kwa hiyo United ikawaambia watumishi wake wadogo: tutaendelea pamoja, lakini kwa bei ya chini. Wengine wakakubali. Wakubwa wa Atlantic Coast, wakiongozwa na Kerry Skeen, wakakataa, na katika mwaka 2003 wakatangaza kwamba wataruka peke yao. Kampuni nyingine ndogo, Mesa, ikatokea Oktoba mwaka ule na kutaka kuwanunua ili ndege zibakie kwa United. Wakaikataa vilevile, na mbele ya mwaka kwisha Mesa ikaacha. Jina jipya likawa Independence Air, ndiyo kusema kujitegemea. Kama vile sisi tulivyojua katika 1960, jina hilo ni tamu kulitaja.

Siku ya 16 Juni 2004 ndege ya kwanza ikaruka. Tikiti zilikuwa rahisi, nyingine chini ya dola 60. Watu wa Washington walifurahi, maana mbele yake kwenda muji mudogo wa jirani kulikuwa bei kali. Lakini United haikulala. Ilikuwa na makao yake pale pale Dulles, mulango kwa mulango. Iliteremusha bei zake mupaka kufanana na zile za muchanga wake, na tena ilikuwa na kitu mugeni hakuwa nacho: wasafiri waliokuwa wamejikusanyia kwayo pointi za safari kwa miaka mingi, na ndege za kuwafikisha mupaka Ulaya na Asia. Mutu akiona bei ni sawasawa, atabakia kwa nani?

Sasa tufanye hesabu, na uchukue kalamu kama unapenda. Tuseme safari moja ya ndege ya viti 50 inakula dola 5,000. Viti vyote vikijaa, kila mutu anapashwa kulipa dola 100 ili kampuni isipate hasara. Nusu tu wakikuja, ni dola 200 kila mutu. Lakini wewe umekwisha kutangaza dola 59! Ndege kubwa ya viti zaidi ya 130 inakula feza nyingi kuliko hiyo, kweli, lakini haili mara mbili na nusu. Mapiloti ni wawili kule, na ni wawili hapa. Kwa hiyo kiti kimoja cha ndege ndogo ni kiti cha bei kali. Ndege ya viti 50 ni chombo kizuri kwa kumuletea mukubwa watu kutoka vijijini. Kuuza tikiti za bei rahisi nayo ni sawa na kupeleka makala sokoni kwa taksi.

Wakubwa wa Independence waliijua hesabu hiyo. Novemba 2004 walianza kurusha ndege za Airbus A319 zenye viti 132, mupaka Florida, na kisha mupaka upande wa Pasifiki. Lakini zilikuwa chache, na feza zilikuwa zinakwisha mbio.

Na kulikuwa jambo lingine. Wewe unayeishi Likasi ao Kolwezi unajua maana ya bei isiyopangwa na mutu yeyote unayemufahamu. Katika 2008 shaba iliporomoka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani mupaka karibu 3,000 ndani ya miezi michache, na hapa Katanga kampuni nyingi zikafunga milango. Kwa wenye ndege, bei ile ni ya petroli. Pipa lilipita dola 70 Agosti 2005, wakati tufani Katrina ilipopiga visima vya Ghuba ya Mexico. Zamani kerozeni ilikuwa mashaka ya United. Sasa ilikuwa yao wenyewe. Tarehe 7 Novemba 2005 wakaenda tribinali. Tarehe 5 Januari 2006 ndege ya mwisho ikatua, na watumishi zaidi ya 2,000 wakabakia bila kazi. United ilitoka katika kufilisika siku ya 1 Februari 2006, hata mwezi haujatimia.

Utasema labda ni bahati mbaya ya mutu mumoja. Hapana. ExpressJet, iliyokuwa ikitumikia Continental, iliambiwa kwamba ndege zake 69 hazitahitajika tena. Aprili 2007 ikaanza kuruka kwa jina lake na sehemu ya ndege hizo, za viti 50 pia. Hawa walikuwa na akili ya kuchagua miji isiyokuwa na safari za moja kwa moja. Lakini Julai 2008 pipa likafika dola 147, na Septemba 2008 wakaacha.

Je, viongozi wale walikuwa wapumbavu? Mimi sioni hivyo. Mukubwa mwenyewe alikuwa amefilisika, na kubakia chini yake kulikuwa na hatari. Ninaona kwamba walikosea mahali na chombo: walikwenda kumupiga patroni wao wa zamani mulangoni mwake, kwa silaha aliyochagua yeye kwa kazi yake.

Kuko waliofaulu kwa njia nyingine. Azul ya Brazili ilianza Desemba 2008 na ndege za Embraer zenye viti zaidi ya 100, na makao yake ikayaweka Campinas, nje ya viwanja vyenye kujaa watu vya São Paulo. Ilitafuta miji ambayo wakubwa waliidharau, ikawa moja ya kampuni tatu kubwa za inchi ile. Hata hivyo, katika 2025 nayo ililomba ulinzi wa tribinali juu ya madeni. Na hapa kwetu Lubumbashi mungali munakumbuka Korongo, iliyoanza 2012. Ile haikuwa yatima, ilikuwa na Brussels Airlines na kampuni ya Forrest nyuma yake, na njia ya kwenda Kinshasa haina barabara ya kushindana nayo. Katika 2015 ilikuwa imekwisha.

Na kartasi ya ruhusa ya kuruka ya Independence Air ilikwenda wapi? Northwest Airlines iliinunua katika 2006. Kwa kartasi ile ile ikaanzisha kampuni ndogo mupya, Compass, iliyoruka kuanzia 2007 mupaka 2020, ikilipwa na kampuni kubwa, katika rangi za wengine.