Akiba Iliyo Udongoni: Maua na Jalidi Juu ya Ziwa Nyasa

Mtu akaaye Talatala, katika bonde la Kyela lenye mpunga, kakao na michikichi, aghalabu hulihesabu joto kuwa ndiyo desturi ya nchi yote ya Nyasa. Ilhali safu ya Livingstone, aionayo upande wa mashariki kila asubuhi anga linapotakata, imeificha nyuma yake nchi nyingine kabisa, ambako katika Juni na Julai majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu. Pwani ya ziwa iko takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo umepita meta 2,600; na kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila tupandapo meta 1,000, safari ya siku moja ya gari kupitia Tukuyu yatosha kumtoa mtu katika kivuli cha mchikichi na kumfikisha penye jalidi.

Mintarafu ya mimea na baridi, jambo la kwanza la kulijua ni kwamba mmea uliojiandaa huikabili jalidi ukasalimika, na ule ulioghafilika huangamia kwa usiku mmoja. Katika nchi za kaskazini, mchana unapofupika mwishoni mwa kiangazi, waridi hupata onyo: huacha kuchipua, vijiti vyake hukomaa, sukari huzidi ndani ya chembe zake, na maji hutoka kidogo kidogo kwenda katika nafasi zilizo nje ya chembe, ili barafu ikifanyika ifanyike huko bila kuupasua uhai wa ndani. Mawaridi ya kale ya Ulaya, ambayo mengi yalichanua mara moja tu kwa mwaka, yalikuwa imara kwa tabia hiyo. Lakini yalipowasili mawaridi ya China mwishoni mwa karne ya 18, yenye kuchanua tena na tena, watunza bustani waliyachanganya, wakapata wingi wa maua na pamoja nao unyonge mbele ya baridi. Ndiyo sababu huko Minnesota, Marekani, wako watu ambao kila mwaka kabla ya theluji huchimba mfereji, wakalilaza waridi zima kwa upole na kulifukia, hata majira ya kuchipua yafikapo wakalifukua. Naye Felicitas Svejda, mtaalamu wa serikali ya Kanada huko Ottawa, alishika njia nyingine tangu miaka ya 1960: alizalisha mawaridi kutokana na jamii ngumu, hususan Rosa rugosa ya Asia ya mashariki, akayaacha nje wakati wa baridi pasipo kifuniko, na yaliyopona ndiyo aliyoyachagua.

Huku kwetu hali ni nyingine, wala kanuni za Ottawa hazitufai zote. Makete na Njombe ziko karibu na ikweta kiasi kwamba mchana wa Juni haupungukiwi na mengi kuliko ule wa Desemba. Kwa hiyo waridi halipati onyo, huendelea kutoa machipukizi laini hata mwezi wa Mei, na usiku mmoja usio na mawingu wala upepo, ardhi inapolitoa joto lake lote angani, machipukizi hayo huungua yakawa meusi. Basi onyo hilo sharti litolewe na mwenye bustani. Aache kutia samadi masika inapokaribia kwisha. Asipogoe Mei wala Juni, kwa kuwa kila tawi likatwalo huita chipukizi jipya, bali angoje hadi Agosti iishe. Apande mteremkoni, maana hewa baridi ni nzito na hushuka ikatuama bondeni. Ainulie udongo shinani, pale waridi lilipobebeshwa. Na jioni anga likiwa jeupe, afunike miche michanga kwa magunia, ayaondoe jua lichomozapo. Wa Talatala hana haja ya hadhari hizi, kwani adui wa waridi lake ni unyevu uletao madoa meusi majanini.

Lakini mwalimu mkubwa wa elimu hii tunaye jirani. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea yake, na watu wameiita Bustani ya Mungu. Tangu Desemba hata Aprili nyasi zake hujaa okidi za ardhini, zaidi ya jamii 40, pamoja na lobelia, na vishada vya Kniphofia vyenye rangi ya moto. Kipupwe kikifika, mengi ya hayo hunyauka, na asiyejua hudhani yamekufa. Kumbe chini, ambako jalidi haifiki, kila okidi imeweka akiba katika kiazi kidogo, na kwa akiba hiyo itachipua mvua zikirudi.

Na kiazi hicho hicho kiiokoacho na baridi ndicho kiiletacho msiba. Huchimbwa, kikatwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kipendwacho mno Zambia; na watafiti walioifuatilia biashara hiyo mwanzoni mwa karne hii walikadiria viazi vivukavyo mpaka kuwa mamilioni kila mwaka. Simlaumu mchimbaji, maana anatafuta rizki ya auladi zake. Ila mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake, wala haioti pasipo kuvu maalumu udongoni, hivyo kurudisha kilichong'olewa ni kazi ngumu mno.

Kwa hiyo nazisihi shule na halmashauri za Makete, Njombe na Rungwe zianzishe vitalu vya maua ya nchi yenyewe, zikianza na Kniphofia, ambayo huota kwa mbegu na kwa kugawa shina, mbegu zichumwe nje ya hifadhi na kwa ruhusa. Maana ua lililozaliwa katika jalidi halihitaji gunia wala mfereji, na miche yake yaweza kuuzwa. Na kila anayelihifadhi waridi la kigeni kwa udongo lisife kwa baridi amekwisha kuijua thamani ya kilichofichwa chini. Basi aifanyie insafu hiyo hiyo okidi ya Kitulo, kwa kutoichimba, kwa kutoinunua, na kwa kumsaidia jirani yake kupata rizki bila kung'oa.