Je, Wajua? Msimu wa Cleveland Bila Ushindi

Je, wajua kuwa mwaka 2017 Cleveland Browns walishinda mechi zao zote 4 za maandalizi, kisha ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilipoanza wakafungwa mechi zote 16? Yaliwakuta hayo hayo Detroit Lions mwaka 2008: maandalizi ushindi mara 4, ligi vipigo 16.

Usidhani Cleveland walikuwa wakichabangwa kila wiki. Tennessee Titans waliwafunga 12-9 katika muda wa nyongeza, na Green Bay Packers nao 27-21, pia katika muda wa nyongeza. Mechi ya mwisho, mjini Pittsburgh, walikuwa nyuma 28-24 zikiwa zimebaki chini ya dakika 2. Mpira ukarushwa vizuri, ukamfikia mchezaji wao mikononi karibu na lango la wapinzani, ukamponyoka.

Je, wajua kuwa katika futiboli ya Kimarekani hakuna kushuka daraja? Timu iliyoburura mkia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi wanaotoka vyuo vikuu. Ndivyo Cleveland walivyompata Baker Mayfield mwaka 2018.

Kocha Hue Jackson alikuwa ameahidi, baada ya msimu wa 2016 wa ushindi 1 na vipigo 15, kwamba hali hiyo ikijirudia ataogelea Ziwa Erie. Ahadi ni deni: Juni 2018 aliingia majini. Mashabiki nao, Januari mwaka huo, walijitokeza kwa maelfu kwenye baridi kali, wakauzunguka uwanja kwa maandamano yenye umbo la sifuri, huku wakichangia chakula na fedha kwa ajili ya wenye njaa mjini kwao. Timu gani kubwa ya kwetu ingefungwa msimu mzima na bado ikapendwa hivyo?

Lakini anayestahili kukumbukwa zaidi ni Joe Thomas wa Cleveland, mlinzi wa mrusha mpira. Tangu mechi yake ya kwanza mwaka 2007, kila timu yake ilipoanzisha shambulizi alikuwepo uwanjani, mara 10,363 mfululizo, bila kupumzishwa hata mara moja. Kazi yake ni kugongana na majitu ya kilo 120 na zaidi, tena kwa timu ambayo karibu kila mwaka ilikuwa ikifungwa. Alikomea kwenye mechi ile ya Titans, msuli wa mkono ulipochanika.

Septemba 20, 2018, Mayfield aliingia uwanjani Cleveland wakiwa nyuma 14-0 dhidi ya New York Jets, wakashinda 21-17. Zilikuwa zimepita siku 635 tangu ushindi wao uliotangulia. Thomas alikuwa amestaafu Machi mwaka huo. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano, na mwaka 2023 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.